Shahidi Asiyebeba Mzigo

Mwulize mtaalamu wa seli za fueli utando wake unapitisha umeme kiasi gani, na aghalabu atakujibu kwa namba fupi: simensi 0.1 kwa sentimita. Namba yenyewe haina makuu. Shaba inaushinda utando huo karibu mara milioni sita. Maji ya bahari husoma takriban 0.05, kwa hiyo utando uliolowa sawasawa unapitisha umeme maradufu ya bahari, basi. Lakini namba hii ina tabia ambayo ile ya shaba haina: ukiihamisha kutoka pale ilipozaliwa, inabadilika. Hewa ikikauka, inaporomoka. Joto likizidi, inapanda. Kaza vibanio vya kipimio kwa namna nyingine, inasogea. Geuza upande wa kupimia, huenda ikasogea tena. Nimeitafakari kwa muda mrefu kwa sababu inatulazimisha kuuliza swali ambalo namba nyingi hutuachia nafasi ya kulikwepa: hapa kinachopimwa ni kitu, au ni hali ya kitu?

Tuutazame utando kwanza. Unaojulikana zaidi unaitwa Nafion, na ulitokana na kazi ya mkemia Walther Grot katika kampuni ya DuPont ya Marekani, miaka ya 1960. Ukiushika mkononi hauna la kukusimulia: ni kipande cha plastiki laini, kinachopitisha mwanga, chepesi. Ule uitwao Nafion 117 una unene wa mikromita zipatazo 180. Mdogo wake, Nafion 212, una 51 hivi. Siri imo ndani ya molekuli. Uti wake wa mgongo ni wa jamii ya Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango, na hauna uhusiano wowote mwema na maji. Kutoka kwenye uti huo yamechipua matawi, na kila tawi limebeba nchani kundi la asidi ya salfoniki, ambalo kwa maji lina uchu usio kifani. Katika mwili mmoja, basi, kuna sehemu inayoyakimbia maji na sehemu inayoyakimbilia.

Ukiuloweka, makundi ya asidi yanakusanya maji upande wao, Teflon inajitenga upande wake, na katikati ya plastiki kunafanyika vijia vya maji vyenye upana wa nanomita chache tu. Sura kamili ya vijia hivyo imebishaniwa kwa miongo. Mwaka 1982 Gierke na Hsu walivichora kama vifuko vya nanomita 4 hivi, vilivyounganishwa kwa vishingo vya nanomita 1. Mwaka 2008 Schmidt-Rohr na Chen wakaja na mchoro mwingine: mirija iliyolala sambamba, yenye kipenyo cha wastani wa nanomita 2.4. Ubishi huo haujafungwa, lakini pande zote zinakubaliana juu ya jambo moja: njia ni ya maji. Plastiki ni kuta tu.

Kazi ya utando katika seli ni ya kuchagua. Upande mmoja inaingia haidrojeni, na kichocheo cha platinamu kinaipasua kuwa protoni na elektroni. Utando unaipa protoni ruhusa na kuinyima elektroni. Elektroni iliyonyimwa njia ya mkato inalazimika kuzunguka kwa nje, kupitia waya, na katika kuzunguka huko ndiko inakowasha taa na kuzungusha mota. Kisha zote mbili zinakutana ng'ambo, kwenye oksijeni, na yanatokea maji. Umeme wote wa seli ya fueli unatokana na ruhusa hiyo moja na katazo hilo moja. Kupima upitishaji wa utando, kwa hiyo, ni kupima ruhusa: protoni inaruhusiwa kwa wepesi gani?

Jinsi protoni inavyovuka lilikuwa fumbo lililopata jibu lake la kwanza mapema kuliko ilivyostahili. Mwaka 1806 lilichapishwa andiko la kijana Theodor von Grotthuss, wa miaka ishirini na moja hivi, akieleza jinsi umeme unavyoyapasua maji. Wakati huo wanakemia walikuwa bado hawajakubaliana hata juu ya fomula ya maji, na neno ioni lilikuwa halijazaliwa. Lilikuja mwaka 1834 katika maandishi ya Faraday. Grotthuss alisema kwamba hakuna chembe inayosafiri safari nzima. Molekuli za maji zinapokezana. Ni kama watu waliojipanga kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua: maji yanafika kwenye moto, ila aliyeko kisimani habanduki kisimani. Na kwenye maji mambo yanakwenda mbali zaidi, kwa sababu protoni inayotoka mwisho wa safu siyo ile iliyoingia mwanzoni. Kila molekuli inapokea moja na kuachia nyingine, kwa muda wa pikosekunde moja au mbili, yaani sehemu ya trilioni ya sekunde.

Safu hiyo inahitaji watu wa kutosha. Maji yakipungua ndani ya utando, mapengo yanatokea na kupokezana kunakatika. Protoni inabaki kudandia molekuli moja ya maji na kujikongoja nayo kimwili, mwendo wa polepole. Kwa hiyo hata kabla hatujachukua kipimio tayari tumeonywa. Upitishaji huu haumo katika molekuli yoyote peke yake. Umo katika mpangilio kati yao, na mpangilio ni kitu kinachoweza kuvunjika bila chochote kuondolewa isipokuwa unyevu.

Sasa mtu anataka kupima. Anachukua kipande cha utando, anakibana kwa metali pande mbili, anaunganisha betri na kusoma mkondo. Hapo ndipo anapokutana na kikwazo cha kwanza. Waya zinabeba elektroni. Utando unabeba protoni. Kwenye mpaka wa metali na utando, mkondo hauwezi kuendelea bila kubadilisha mbebaji, na kama hakuna cha kuubadilisha, chaji zinarundikana mpakani, zinasukumana na kuuzima mkondo. Kipimio kinaonyesha karibu sifuri. Msomaji mwenye haraka ataandika kwamba utando haupitishi umeme, ilhali alichopima ni msongamano wa forodhani.

Friedrich Kohlrausch, mwanafizikia wa Ujerumani, alikabiliana na kikwazo hicho katika miminiko ya chumvi na asidi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860. Dawa yake ilikuwa kutouacha mkondo uelekee upande mmoja. Alitumia mkondo geu, unaogeuka nenda-rudi kwa kasi kiasi kwamba chaji hazipati nafasi ya kurundikana. Baadaye, simu ilipovumbuliwa, aliifanya kuwa sikio la maabara yake: umeme uligawanywa kwenye njia mbili, moja ya kimiminika na nyingine ya ukinzani unaojulikana, na mpimaji akawa anarekebisha huku akisikiliza mvumo kwenye simu. Mvumo ulipofifia kabisa, pande mbili zilikuwa sawa, na jibu lilikuwa limepatikana. Kipimo cha ioni kilisomwa kwa sikio, kwa kusubiri kimya.

Leo kazi hiyo inafanywa na mashine inayotuma mkondo geu wa kasi nyingi tofauti, kuanzia mgeuko mmoja au chini yake kwa sekunde hadi mamia ya maelfu au milioni, na kuchora majibu kwenye grafu. Unatokea mchoro wa tao, nusu duara iliyobonyea, na mkia unaopanda. Mkia ni habari za mpakani. Tao ni mchanganyiko wa mambo. Pale mchoro unapokata mstari wa mlalo, upande wa migeuko ya kasi, ndipo panaposomwa ukinzani wa utando. Njia ya pili ni kuacha mkondo uende upande mmoja lakini kuulipia ushuru wa mpakani: unapitisha haidrojeni juu ya elektrodi za platinamu, ili upande mmoja igeuke protoni na upande wa pili protoni zigeuke tena haidrojeni. Hapo mbebaji anabadilishwa kihalali na mkondo unaendelea bila kukoma. Njia zote mbili zinafanya kazi ileile: kuuondoa mpaka kwenye hesabu, ili kinachobaki kiwe cha utando.

Lakini mpaka haukubali kuondoka kirahisi, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Metali inapogusa plastiki, haigusi kila mahali. Kuna vijipengo, kuna tone la maji hapa na ukavu pale, kuna kukazwa na kulegea. Mguso huo una ukinzani wake, na ukinzani huo hauna jina kwenye kipimio; unajumlishwa kimyakimya na ule wa utando. Ukipima kwa waya mbili, hujui umepima nini kwa kiasi gani.

Suluhisho ni la kale. Katika miaka ya 1860 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alitengeneza njia ya kupima ukinzani mdogo sana wa metali kwa kutenganisha kazi mbili ambazo watu walikuwa wakiziachia waya zilezile. Katika kifaa cha utando mambo yako hivi. Unakata ukanda mwembamba wa utando na kuulaza juu ya waya nne za platinamu zilizopangwa sambamba. Waya mbili za nje zinaleta mkondo na kuupokea. Mbili za ndani hazibebi mkondo. Zimeunganishwa na kipimio cha volteji chenye ukinzani mkubwa mno, kiasi kwamba karibu hakuna umeme unaopita ndani yao. Kwa kuwa hazibebi kitu, miguso yao haipotezi kitu. Ibane vibaya, ilegeze, acha tone la maji likae juu yake: waya ya ndani itaendelea kutoa taarifa ileile ya pale ilipogusa. Purukushani yote ya mguso inabaki kwenye waya za nje, ambazo hakuna anayeziuliza chochote.

Kanuni yake ni kwamba anayesukuma asiwe ndiye anayetoa ushahidi. Si kwamba waya za nje ni waongo. Zinafanya kazi ngumu, na mtu aliyelemewa na mzigo hawezi kueleza uzito wa njia bila kuuchanganya na uchovu wa mabega yake. Ushahidi unataka mtu aliyekaa karibu kabisa na jambo, akaligusa, lakini asiwe na mzigo ndani yake. Ukaribu peke yake hautoshi, maana waya za nje ziko karibu vilevile. Kukaa kando peke yake hakutoshi, maana aliye mbali hagusi kitu. Kinachotakiwa ni kugusa bila kuchota, na si kila mmoja anaweza: kipimio cha volteji chenye ukinzani mdogo kitaanza kuchota mkondo, na hapohapo kitakuwa mshiriki.

Namba zinaonyesha jinsi jambo hili lilivyo na uzito. Chukua ukanda wa Nafion 212 wenye upana wa sentimita moja, na waya za ndani ziachane milimita 4.25. Kwa upitishaji wa 0.1, ukinzani kati ya waya hizo unazidi omu 800. Ni ukinzani mkubwa, unaosomeka kwa raha. Sasa uchukue utando uleule na uupime kwa kuuvuka unene wake, eneo la sentimita moja ya mraba. Njia imekuwa fupi mno na mlango mpana mno. Ukinzani ni omu 0.05 tu. Mguso wa metali unaweza kwa urahisi kufikia kiasi hicho au kukipita. Ndani ya ukanda, kosa la mguso ni punje; kwenye unene, kosa la mguso linaweza kuwa ndilo jibu.

Kwa sababu hiyo maabara nyingi hupima kwa urefu wa ukanda. Ni busara, na ni mtego pia. Ndani ya seli halisi, protoni haitembei kwa urefu wa utando, inauvuka unene. Kama vijia vya maji vimelala zaidi upande mmoja kuliko mwingine, jambo linaloweza kutokea utando unapovutwa au kukandamizwa kiwandani, au unapotiwa kitambaa cha kuuimarisha katikati, namba ya urefu si namba ya unene. Tunapima pale panapopimika, kisha tunatumaini kwamba patakuwa sawa na pale tunapopahitaji. Wengine wamejenga vifaa vya kupima unene, kwa mfano kwa kubandika matabaka kadhaa ya utando moja juu ya jingine, wakitazama ukinzani unavyoongezeka kwa kila tabaka. Ongezeko hilo ni la utando, na kile kisichoongezeka ni cha mguso. Ni kazi ya subira, na ndiyo maana si wengi wanaoifanya.

Tukishamaliza na waya, tunabaki na maji, na maji ndiyo yanayoharibu dhana ya kwamba kitu kina namba yake moja ya kudumu. Kabla ya kupimwa, kipande cha Nafion huandaliwa kwa mtindo uliozoeleka maabara nyingi: kinachemshwa saa moja katika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ili kuondoa uchafu, kinasuuzwa kwa maji yanayochemka, kinachemshwa tena saa moja katika asidi ya salfuriki ili kila kundi la asidi lipate protoni yake, kisha kinasuuzwa tena. Kipande kilichoingia na umanjano kinatoka angavu. Na kinatoka kikubwa kuliko kilivyoingia, kwa sababu kimekunywa. Hapo linakuja swali ambalo linaonekana dogo: kwenye hesabu utaandika unene gani, ule wa kikavu au ule wa kilicholowa? Watafiti wawili wenye vipimio sawa na utando sawa wanaweza kuachana kwa asilimia kumi au zaidi kwa jibu la swali hilo tu.

Mwaka 1991, katika maabara ya Los Alamos, Marekani, Springer, Zawodzinski na Gottesfeld walichapisha kielelezo cha seli ya fueli ambacho kimetumika mno tangu hapo. Waliacha kuuliza utando una upitishaji gani, wakauliza kila kundi la asidi limezungukwa na molekuli ngapi za maji. Kwa Nafion 117 kwenye nyuzi 30, utando uliokaa katika hewa iliyojaa mvuke unakuwa na molekuli 14 kwa kila kundi. Uliozamishwa kwenye maji unakuwa na 22. Hewa ikikauka hadi unyevuanga wa asilimia 20, zinabaki molekuli mbili na kitu. Upitishaji unafuata hesabu hiyo ya maji: kwa fomula yao unapata 0.11 kwenye maji, chini kidogo ya 0.07 kwenye mvuke kamili, na chini ya 0.01 kwenye ukavu. Plastiki ni ileile. Hakuna kilichobadilika isipokuwa maji yaliyomo.

Msomaji makini atashtuka hapo kati ya 14 na 22. Mvuke uliojaa na maji yenyewe vina nguvu moja ya kulowesha. Nadharia inasema utando ungepaswa kunywa sawa. Mtu wa kwanza kuliona jambo hili alikuwa Paul von Schroeder, mwaka 1903, naye hakuwa akishughulika na seli za fueli bali na jelatini: ilivimba zaidi kwenye maji kuliko kwenye mvuke wake. Kitendawili kikabeba jina lake na kikadumu zaidi ya karne. Wapo wanaosema sababu ni ngozi ya nje ya utando, inayojikunja kuelekea Teflon ikigusa mvuke na kufunguka kuelekea asidi ikigusa maji. Wapo wanaosema tunawahi kupima, na kwamba utando unakumbuka joto na ukavu uliopitia hata baada ya siku nyingi. Maelezo hayo ya mwisho yana uzito wake: utando uliokaushwa kwa joto kali haunywi sawa na ule uliochemshwa, hata ukiziweka tando zote mbili katika chumba kimoja. Kinachopimwa leo kina historia, na historia hiyo haionekani kwenye kipande chenyewe.

Ili kuudhibiti unyevu wa hewa wakati wa kupima, si lazima kuwe na mtambo wa gharama. Ukiyashibisha maji kwa chumvi fulani na kuyafungia kwenye chombo, hewa iliyo juu yake inatulia kwenye unyevuanga maalumu. Kloridi ya lithiamu inakupa asilimia 11 hivi, ya magnesi 33, na chumvi ya kawaida ya mezani 75. Ndiyo kusema mtu mwenye mitungi michache na uvumilivu anaweza kuutembeza utando mmoja kutoka ukavu wa jangwani hadi rutuba ya pwani, na kuona namba yake ikipanda hatua kwa hatua. Kipande kilichoachwa mezani Dar es Salaam msimu wa mvua na kingine kilichoachwa mezani Dodoma wakati wa kiangazi, hata kama vimekatwa kutoka karatasi moja, si kitu kimoja tena mbele ya kipimio.

Ndani ya seli inayofanya kazi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kipimo na maisha havitengani. Kila protoni inayovuka inakokota maji pamoja nayo, molekuli moja au zaidi, kutoka upande wa haidrojeni kwenda upande wa oksijeni. Kwa hiyo kadiri seli inavyofanya kazi kwa nguvu, ndivyo upande mmoja wa utando unavyokaushwa na upande wa pili unavyojaa. Protoni zinaondoa njia zinayopitia. Kinachookoa hali ni maji yanayozaliwa ng'ambo, ambayo yanarudi nyuma kupitia utando, na yanarudi haraka zaidi utando ukiwa mwembamba. Magari ya Toyota Mirai yaliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2014 yaliondoa kabisa kifaa cha nje cha kulowesha hewa, yakaitegemea seli ijiloweshe kwa maji yake yenyewe.

Wembamba ulileta faida nyingine. Umeme unaopotea ndani ya utando hautegemei upitishaji peke yake, unategemea unene uliogawanywa kwa upitishaji. Kwa mkondo wa ampea moja kwa sentimita ya mraba, Nafion 117 inapoteza volti 0.18 hivi, na hiyo ni hasara kubwa kwa seli inayotoa volti 0.7. Nafion 212 inapoteza 0.05. Wahandisi hawakuhitaji plastiki inayopitisha karibu mara nne zaidi. Walihitaji njia fupi zaidi, ilimradi utando usichanike na usivujishe haidrojeni. Kwa miaka mingi mashindano ya kupandisha namba ya upitishaji yaliendelea kwenye majarida, huku viwandani watu wakipunguza unene.

Na seli hiyo inapimwa ikiwa kazini. Juu ya mkondo mkubwa unaotoka, wahandisi huongeza mtikiso mdogo wa mkondo geu, mara nyingi wa migeuko 1,000 kwa sekunde, na kutazama jibu lake. Ukinzani ukianza kupanda, utando unakauka, na hewa au joto au mzigo unarekebishwa kabla seli haijaumia. Mantiki ni ileile ya waya nne: mtikiso huo ni mdogo mno kuweza kuendesha chochote. Haubebi mzigo, ndiyo maana unaweza kusema ukweli juu ya mzigo.

Kwa nini nisumbuke na haya sasa? Kwa sababu Nafion na jamii yake zina kasoro ambayo dunia imeanza kuihesabu. Ni kemikali za florini za jamii ya PFAS, zinazodumu muda mrefu mno katika udongo na maji, na Februari 2023 shirika la kemikali la Ulaya lilichapisha pendekezo la kuziwekea vikwazo, lililoandaliwa na Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Norway na Sweden. Maabara nyingi zinatafuta tando zisizo na florini. Kila mwezi inatangazwa nyingine, na tangazo huja na sentensi iliyozoeleka: inapitisha kuliko Nafion. Mara nyingi sentensi hiyo ni ya kweli na haisaidii. Utando mpya umepimwa kwenye nyuzi 80 ukiwa umezama majini. Nafion iliyolinganishwa nayo imechukuliwa kutoka andiko la mtu mwingine, kwenye nyuzi 30, kwenye mvuke. Vipimo vilivyochapishwa vya Nafion 117 yenyewe vimetofautiana kwa mara kadhaa, kwa hiyo anayetaka kushinda hakosi Nafion dhaifu ya kushindana nayo. Huko si kudanganya kwa namba. Ni kuitoa namba nje ya hali yake na kuiacha isimame peke yake, kana kwamba ni mali ya kitu.

Nadhani hapa ndipo lile swali la mwanzo linapopata jibu. Tumezoea kufikiri kwamba kupima vizuri ni kuondoa hali zote hadi kibaki kitu kitupu. Utando huu haukubali. Tunaweza, na tunapaswa, kuondoa waya, miguso na misongamano ya mpakani, kwa sababu hivyo ni vyetu, vya wapimaji. Waya nne zilibuniwa kwa ajili hiyo. Lakini maji hayaondoki, kwa kuwa maji ndiyo njia. Ukiyaondoa ili upate utando halisi, unapata plastiki isiyopitisha kitu. Ustadi wote uko katika kutofautisha mawili hayo: kilichoingizwa na mpimaji, ambacho kitolewe bila huruma, na kilicho sehemu ya uhai wa kitu, ambacho kibaki na kitajwe kwa jina na kiasi chake. Anayeacha vyote ndani anapima mikono yake mwenyewe. Anayetoa vyote anapima maiti.

Kwa hiyo katika miaka ijayo, pale majedwali ya tando mpya yatakapowekwa mezani mbele ya watakaoamua zipi zitaingia kwenye mabasi na majenereta, safu ya upitishaji isisomwe peke yake. Isomwe pamoja na nyuzi za joto, unyevuanga, upande uliopimwa, unene uliotumika kwenye hesabu na namna utando ulivyoandaliwa. Mstari usio na hayo, hata ukiwa na namba kubwa kuliko zote, ukatwe kwenye jedwali hadi mwenyewe arudi maabara akaujaze.